Mwalimu Aliyehesabu Hamira

Walipomzika Mwalimu kule karibu na Roret, wasifu wake ulisomwa kurasa nne. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alifundisha shule ngapi, alikuwa mzee wa kanisa miaka mingapi. Watu walipangusa macho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kando ya sufuria, maana chai ya matanga ilitoka kwenye hoteli yangu, na hakuna aliyenipa kipaza sauti. Afadhali hawakunipa. Ningewaharibia watu mazishi.

Kwa hiyo mambo ya ukoo mniwie radhi, yalishasomwa. Mimi nitasema niliyoyaona, na nitayasema kwa ubaya, kwa sababu kwa uzuri alishasemwa akatosha.

Alikuwa na kipimajoto kwenye mfuko wa shati, pamoja na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu. Akija hotelini kwangu anaagiza chai, anatumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe mbele ya wateja, anangoja. Hanywi mpaka namba ishuke pale anapotaka yeye. Nikimwambia, Mwalimu, si uguse tu kikombe, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa kidato cha pili. Mkono si kipimo, msichana. Nina watoto watatu, wa kwanza ameshaolewa, lakini kwake nilikuwa msichana. Ulimi si kipimo. Pua si kipimo. Huo wa pua ndio aliupenda kuliko yote, na alikuwa akiusema huku amekunja pua yenyewe, kama mtu aliyeona aibu kuwa nayo.

Alinifundisha kemia. Siku moja aliuliza darasa hamira inatoka wapi, na mimi, ambaye sikuwahi kuinua mkono tangu muhula uanze, nikauinua. Nikasema inatoka kwa kibuyu cha mama. Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Yeye hakucheka, na ingekuwa heri angecheka. Aligeuka ubaoni akaandika kwamba hamira inatoka kiwandani, kwenye pakiti, na pakiti ina tarehe. Kilicho kwenye kibuyu, akasema, ni uchafu uliobahatika. Mimi nilitoka kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa majani chai, na kila mtu alijua mama yangu anapika nini jioni. Hilo neno uchafu lilinifuata mpaka choo cha wasichana, na baadhi ya wale wasichana bado naonana nao sokoni.

Lakini kibuyu kilikuwepo, na nitakieleza, maana ndicho chanzo cha haya yote. Mama alikuja Kericho kutoka magharibi akiwa na blanketi na kibuyu alichopewa na mama yake. Mchana alikuwa akichuna majani, jioni anakaanga unga uliochachuka juu ya bati, anauchanganya na kimea cha wimbi, anapika busaa. Chungu kikiisha, anakusanya mashapo yaliyobaki chini, anayakausha kivulini juu ya jani la mgomba, anayavunjavunja na kuyatia kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko. Chungu kinachofuata kinapata konzi moja. Aliiita mbegu. Wenzake walitegemea kimea peke yake, na ukungu wa Julai ukishuka kwenye majani ukakaa wiki nzima, pombe yao inalala au inageuka siki. Ya mama haikulala. Watu walitoka hata Kipkelion kuja kuinywa, na hawakuja kwa ajili ya kutazama laini.

Mwalimu alizikemea hizo pombe kanisani. Hakutaja jina, alisema tu "kule laini", na mama akiwa ameketi benchi la tatu na leso kichwani. Sasa ngojeni. Alipostaafu, mwanawe aliyeko ng'ambo alimletea ndoo mbili nyeupe zenye mifuniko na bomba, na kompyuta yenye programu ya kutengeneza bia. Mwalimu akahamisha ndama, akasugua zizi lao kwa dawa mpaka likanuka hospitali, akaanza kutengeneza bia. Mzee wa kanisa. Nikamuuliza, Mwalimu, kwani hii si pombe? Akasema hapana, huu ni utafiti. Mke wake alikuwa mlangoni na ungo wa mahindi, akageuza uso akatazama ng'ombe.

Hiyo programu ndiyo ilimmaliza. Alinionyesha mara nyingi, akiwa na furaha ya kweli, hilo sitamnyima. Unaiandikia kimea cha shayiri kilo ngapi, maji lita ngapi, yale maua makavu machungu gramu ngapi. Halafu unachagua hamira kwenye orodha, na kila hamira imeandikiwa itakula sukari asilimia ngapi. Programu inapiga hesabu, inakuambia bia itakuwa na ukali gani na itabaki na utamu gani. Inakuambia kabla moto haujawashwa. Halafu inauliza pakiti ilitengenezwa lini, na kwa kila mwezi uliopita inaua sehemu ya hamira, hapo kwa hesabu, mpaka inakuambia vijidudu wake waliobaki hai ni asilimia fulani, ongeza pakiti au uikuze kwanza. Mtu mwenye akili anajua hayo ni makisio. Ni kama mimi kusema leo nitapata wateja sitini. Mwalimu aliyachukua kama matokeo ya mtihani yaliyoshatoka.

Julai moja alitengeneza bia kwenye baridi ile inayokufanya uvae sweta mbili. Hamira ikala kidogo, ikajikunyata, ikalala. Tukapewa vikombe, mimi na mke wake na jirani mmoja. Wah. Ilikuwa tamu kama uji wa mgonjwa. Nikamwambia, Mwalimu, hii haijaiva. Akasoma kwenye kompyuta kwamba imeiva tangu Jumanne. Alikuwa na kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki, basi akakitia ndani mbele yetu, nacho kikaelea juu kabisa, kikasema vilevile nilivyosema mimi. Mtu mwingine angekubali. Yeye alisema kipimo kimeharibika. Akaagiza kingine, kikaja, vikakubaliana vyote viwili, na akatangaza kwamba milima ya Kericho inavichanganya. Programu haikuulizwa kama inajua Kericho kuna baridi. Bia ile aliiandika kwenye daftari kuwa imefaulu.

Na bado siwezi kusema alikuwa mtu mbaya tu, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Mama alipofariki, mhubiri alikataa kuingia kwetu kwa sababu nyumba ilikuwa ya pombe. Alisimama nje kwenye mvua na Biblia yake ndani ya karatasi ya nailoni. Mwalimu ndiye aliyepita katikati ya watu, akafungua mwavuli juu ya jeneza, si juu yake, akamwambia yule mhubiri kwa sauti ya darasani, "Hapa si mtihani. Soma." Mhubiri akasoma. Mwalimu alilowa mpaka kipimajoto kikaanguka topeni. Mtu wa aina hiyo anakunyima raha, kwa sababu huwezi kumchukia ukamaliza.

Kwa ajili ya ule mwavuli nilimwamini. Baada ya mama kuondoka, nilikuwa nikipika busaa Krismasi peke yake, kwa ajili ya ndugu zangu. Kila mwaka mbegu inaingia, nakausha mashapo mapya, narudisha kibuyuni. Lakini nilikuwa naogopa. Nyumba yangu inavuja, panya wapo, na mimi si mama. Naweza kuiharibu siku moja tu kwa uzembe, na ikishakwenda hakuna duka la kuinunua. Nikamwambia Mwalimu. Akawaka macho. Akasema lete, nitaikuza kwenye chupa safi, nikuwekee nyingine kwenye friji, haitapotea tena. Aliahidi mbele ya mke wake.

Nilimpelekea Jumamosi. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikaona vizuri. Akafungua kompyuta, akatafuta kwenye orodha, na bila shaka haikuwepo. Akachagua moja aliyoona inakaribia, akauliza tarehe ya kutengenezwa.

Hapa nami nilikosea, na nitalisema mara moja tu. Mashapo ya juu yalikuwa ya Krismasi iliyopita, hayajafika hata miezi minne. Lakini aliponiuliza ni ya lini nilisikia kama ameniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya mama, ya chungu chake cha mwisho. Nikataja mwezi na mwaka. Nilijivuna kidogo nilipoutaja.

Wiki iliyofuata alikuja hotelini na kibuyu ndani ya mfuko wa karatasi. Kilikuwa chepesi. Ndani yake alikuwa ameweka pakiti ya hamira ya dukani. Akakaa, akaagiza chai, akatoa kipimajoto. Akanieleza kwa upole, kama anayerudisha karatasi ya mtoto aliyefeli, kwamba ameingiza tarehe na programu imetoa walio hai asilimia sifuri. Vitu vilivyokufa vinaweza kuleta maradhi kwenye zizi. Ameimwaga. Ile ya pakiti ni mpya, nisome tarehe nyuma.

Nilimuuliza aliionja? Aliinusa? Alitia hata kijiko kimoja kwenye maji ya sukari aone? Akasema hakukuwa na haja. Chai yake ilikuwa bado inapoa.

Sikumbuki nani aliangalia hoteli. Nilikwenda kwake kwa miguu na aproni yangu, nikapita nyuma ya zizi kwenye rundo la samadi alipoimwaga, na ilikuwa imenyeshewa siku tatu. Nilipiga magoti nikachota kwa mikono. Ilikuwa samadi tu. Mke wake alitoka akaniletea maji ya kunawa. Siku hiyo nilimchukia Mwalimu kwa moyo mmoja, mwavuli na vyote. Nikamtumia ujumbe asikanyage tena hotelini kwangu, na hakukanyaga.

Ni jioni hiyo ndipo nilipochungulia kibuyu. Nilitaka kukifuta, nikitundike kama picha. Nikatia kidole, na kidole kikatoka na unga wa kahawia chini ya ukucha. Kuta zote za ndani zilikuwa na ukoko ule wa miaka. Hakukiosha. Mtu aliyesugua zizi kwa dawa, aliyechemsha hata vizibo, alikuwa amekimwaga kibuyu na kukirudisha bila kukigusa ndani, na nilipofikiri nikaelewa. Kwa watu wa kabila lake, kibuyu ni cha mwanamke. Yeye ndiye anayekiosha, anakisugua kwa kaa la mti anaoujua yeye, anakitilia maziwa yagande yawe mursik. Mwanamume hatii mkono humo, hata awe na shahada. Mwalimu angekufa kabla ya kukiri kwamba kuna desturi inayomtawala kuliko sabuni, lakini ilimtawala, na mimi nikaokoka kwa hiyo.

Nilipika uji mwembamba wa wimbi, nikaupoza mpaka mkono wangu ukakubali, nikatia kimea, nikaumimina kibuyuni. Nikakizungushia sweta ya mama, nikakiweka kando ya jiko. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, nikalia. Ya tatu asubuhi nikasikia kinaongea ndani, vile vipovu vidogo vinavyopasuka kimoja kimoja, na ile harufu ikatoka. Sitaieleza. Aliyeijua anaijua.

Sikumwambia mtu. Zaidi ya yote sikumwambia yeye.

Ikapita miaka miwili. Nilisikia moyo wake umechoka, miguu imevimba, bia hatengenezi tena. Halafu mke wake akanipigia simu akaniambia, Mama Sharon, Mwalimu anakuita, na ukikawia hutamkuta. Nilikuwa na chungu siku hiyo, busaa ya siku ya tatu, ya harusi ya mpwa wangu, nilikuwa ninaichuja. Nikanawa mikono nikaenda vilevile, na sweta niliyokuwa nimevaa jikoni tangu alfajiri.

Alikuwa ameketi kitini na mito mgongoni, kompyuta mapajani. Alikuwa amekonda, shingo imebaki ndani ya kola, lakini kipimajoto kilikuwa mfukoni. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniambia nivute kiti nione. Ile programu ilikuwa imeongezwa sehemu mpya, unaweza sasa kuandika hamira yako mwenyewe isiyo kwenye orodha. Alikuwa ameifungua, na juu palikuwa na jina la mama yangu. Majina yake yote mawili. Sikujua hata kwamba anayajua. Chini yake kulikuwa na nafasi za kujaza. Kwenye nafasi ya joto alikuwa ameandika nyuzi za chini sana, baridi yetu ya Julai. Nyingine zote zilikuwa tupu.

"Hesabu ilikuwa na kosa," akasema. Alipumua kidogo kati ya maneno. Akanieleza kwamba hamira iliyokaushwa haifi kwa kasi ya ile ya maji, programu ina jedwali la kila moja, na siku ile alichagua la maji. Kwa jedwali lililo sawa ingetoa zaidi ya nusu. Ameirudia mara nyingi. Zaidi ya nusu walikuwa hai.

Nilingoja. Nataka mjue kwamba nilingoja. Kama angesema pole, neno moja tu la herufi nne, ningesimama nikakimbia nyumbani, nikarudi na kikombe, nikamshikia mdomoni. Chungu kilikuwa pale jikoni kwangu kinatoa povu. Alichohitaji ni hicho kineno, na nilikitafuta kwenye uso wake kama mtu anayetafuta shilingi kwenye nyasi. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

"Na kibuyu?" akauliza. "Mimi sikukiosha."

Kwa hiyo alijua. Muda wote huo alikuwa amelibeba, kwamba pengine kilibaki kitu. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya vitufe. Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi kwamba sweta yangu ilikuwa inagusa mkono wa kiti. Ilikuwa inanuka busaa tangu kola mpaka pindo. Mtoto mdogo angejua.

"Nilikiosha, Mwalimu," nikasema. "Kwa maji moto, siku ileile."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Alikubali. Mwanamke anaosha kibuyu chake, hilo halina mjadala. Kisha akaniuliza sasa aandike ngapi, na nikamwambia sifuri. Akaiandika. Akaitazama, akabonyeza kuhifadhi, akafunga kompyuta, akaniambia asante kwa kuja. Nami nikainuka.

Mke wake alinisindikiza mpaka getini. Huyu mama alimjua mama yangu tangu zamani, alikuwa akinunua mboga kwake, na mimi nafikiri hakununua mboga tu. Pale getini alinishika bega kama anayetaka kunikumbatia, akasogeza uso kwenye shingo ya sweta yangu, akavuta pumzi, akakaa hapo.

"Ni ya siku ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia tatu. Niliona machozi yake na nikajua sasa ataniita mwongo, au atanirudisha ndani, na nilitamani anirudishe. Akageuka akatazama dirisha la chumba cha Mwalimu muda mrefu. Kisha akavuta komeo, akanifungulia geti, akaniambia niharakishe kabla haijachachuka.